Bloga Niliyemleta Nambambo

Nilipangiwa Nambambo katikati ya miaka ya tisini, mwalimu mpya wa shule ya msingi, mtu wa Kagera ambaye alikuwa hajawahi kuona mkorosho. Nyumba ya mwalimu niliyoahidiwa haikuwa na paa. Mwalimu mkuu akanipeleka kwa mama mmoja mjane mwenye chumba cha ziada, akamwambia kwa Kimwera maneno ambayo sikuyaelewa. Yule mama akavitazama viatu vyangu vya kisigino, akacheka, akanipokea begi. Niliishi kwake miaka minne.

Jina lake silitaji. Limeshachezewa vya kutosha, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolichezea.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, mlimaji wa ufuta na mwenye mikorosho aliyoachiwa na mumewe. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akikitumia kwa uangalifu, neno moja moja, na akikosa neno alinyamaza mpaka alipate. Mwaka wa kwanza nilipougua malaria nusura nife, alitembea kwa miguu pembeni ya baiskeli niliyopakiwa mpaka hospitali ya Nachingwea, mkono wake ukiwa mgongoni mwangu nisianguke. Alinifundisha kuchimba ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, na kumenya muhogo bila kujikata. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita mwanangu, ingawa tayari alikuwa na binti aliyeolewa Ruangwa na mjukuu mdogo aliyekuwa akija kwake kila msimu wa mabibo.

Nilipotoka likizo mara ya kwanza nilimletea senene kutoka kwetu, wamekaangwa na kutiwa chumvi, nimewafunga kwenye jani la mgomba na mfuko wa nailoni.

"Hawa panzi?" akauliza.

"Ni senene, Mama. Kwetu ni chakula cha heshima. Mgeni asiyepewa senene anajua hakupendwa."

Akachukua mmoja, akatafuna taratibu akitazama mbali, kisha akachukua wa pili. "Wana mafuta," akasema. Ikawa basi. Hakukunja uso wala hakucheka. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani kwamba mwanawe amemletea chakula cha kwao.

Na mimi kwake nilikula panya. Niseme wazi, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitoka hapo. Baada ya mavuno, mashamba yakishasafishwa, watu wa kule huchimba panya wa shambani, wale wakubwa wanaokula nafaka, si hawa wa darini. Huwabanika, huwakausha, na wengine huwapika kwa karanga. Wenyewe kwa utani huwaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Mama hakunipa chakula hicho mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilimkuta anakula na binti yake, nikanawa mikono nikakaa. Akanitazama kidogo, kisha akanisogezea bakuli. "Haya," akasema, "sasa umekuwa wa hapa."

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilihamishiwa ofisi ya wilaya, Nachingwea mjini, kwenye idara iliyoshughulikia elimu na utamaduni. Nilipata chumba karibu na soko, nikaolewa, nikaanza kuwa mtu wa mafaili. Nambambo nilikwenda siku za Idi, na wakati wa kuokota korosho, nikipata nafasi. Nafasi zikawa zinapungua kila mwaka.

Kuelekea mwisho wa miaka hiyo ikaja barua kutoka juu: kila wilaya ioneshe vivutio vyake vya utalii. Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na mji uliojengwa na Waingereza kwa ajili ya mashamba ya karanga ambazo hazikustawi. Tulikuwa na kiwanja cha ndege kipana kuliko mahitaji yetu, nyumba za wazungu zenye mabomba ya moshi ambayo hayajawahi kuhitajika kwenye joto lile, na tuta la reli ambayo vyuma vyake viling'olewa zamani. Upande wa Ruangwa vilikuwapo vilima vizuri sana ambavyo hakuna mtu aliyepata kuvipiga picha. Ikaundwa kamati ya wilaya mbili pamoja, na mkuu wangu wa idara akawa mwenyekiti.

Alirudi kutoka semina Dar es Salaam akiwa na neno jipya.

"Siku hizi watu hawatangazi kwa vipeperushi," alituambia. "Kuna mabloga. Mmoja akiandika leo, nchi nzima inasoma, mpaka Watanzania walioko Ulaya. Tukimpata mmoja anayefaa, tumemaliza kazi." Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua kompyuta. Tutafutie."

Kompyuta niliijua kwa kiasi cha kuchapa mitihani. Lakini nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kugonga mihuri, na hii ilikuwa kazi ya kutumia akili. Nikanunua kaunta buku, nikaenda kwenye steshenari moja karibu na stendi iliyokuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa na mtandao. Ukurasa ulifunguka kuanzia juu, ukanda kwa ukanda. Ukiwa na picha nyingi, uliweza kutoka ukanunua nyanya, ukarudi ukakuta paji la uso wa mtu limejitokeza na macho bado.

Nilisoma blogu kwa wiki nzima. Kwenye kaunta buku nilichora safu: anaandika nini, anaweka picha, anaandika mara ngapi, na ile safu niliyoiona ndiyo yenye maana kuliko zote, watu wangapi wanatoa maoni chini ya maandishi yake. Nikawaandikia barua pepe wanne. Dada mmoja aliyeandika habari za safari kwa Kiingereza aliuliza kama hoteli yetu ina bwawa la kuogelea. Mwandishi mmoja wa gazeti mwenye blogu yake aliuliza kama Nachingwea iko upande wetu au upande wa Msumbiji. Wa tatu hakujibu kabisa. Wa nne alijibu kabla sijainuka kwenye kiti.

Huyo alikuwa kijana wa Dar. Blogu yake ilikuwa na picha za harusi, ajali, wasanii, vichekesho, mbuzi mwenye vichwa viwili. Kila alichoweka kilifuatwa na msururu wa maoni, watu wakicheka, wakitukanana, wakisalimiana kutoka miji ya ng'ambo. "Dada, nakuja hata kesho," aliniandikia. "Kusini ni dhahabu ambayo haijachimbwa."

Kulikuwa na wa tano ambaye sikumwandikia. Alikuja mwenyewe.

Alikuwa mwalimu wa sekondari kule Nanganga, mwenyeji wa huko huko, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kola inang'aa. Kila Jumamosi alikuja Nachingwea na karatasi alizokwisha kuziandika kwa mkono, akazichapa kwenye kompyuta ile ile niliyoitumia. Aliandika asili ya majina ya vilima. Aliandika habari za tuta la reli lilivyogeuka njia ya watu waendao mashambani, na jinsi wazee walivyoyashuhudia matrekta ya karanga yakikwama kwenye udongo uliokuwa mgumu kama sakafu. Nilisoma aya mbili, nikaangalia chini. Kulikuwa na maoni mawili, moja likiwa la mdogo wake aliyekuwa Songea.

"Dada, nasikia mnatafuta bloga," aliniambia akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini tunahitaji mtu anayesomwa."

"Mimi ninasomwa," akasema. "Polepole."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na mwenye steshenari naye akacheka kwa kuniiga. Yule mwalimu akatabasamu kwa adabu, akakusanya karatasi zake, akaniambia nikihitaji mtu wa kuwatembeza wageni yeye yupo.

Kwenye kikao nilisoma orodha yangu. Mkuu wangu hakuuliza yule kijana anaandika nini. Aliuliza safu ya maoni tu, na nilipomwambia akapiga meza kwa kiganja. "Huyo! Sisi tunataka kelele, Mwalimu. Watu waamke." Nikaandika jina lake kwenye muhtasari kwa herufi kubwa.

Alikuja kiangazi. Tulimpokea Nanganga, pale basi la kutoka Lindi lilipomshusha, kijana mchangamfu mwenye kamera kubwa shingoni na viatu vyeupe ambavyo kufikia saa sita vilikuwa vyekundu. Aliniita sista. Siku ya kwanza tulimwonesha kiwanja cha ndege, barabara pana za mjini, nyumba za wazungu. Alipiga picha chache, akapiga miayo.

"Sista, usinielewe vibaya," akasema tulipokuwa tunarudi. "Magofu yapo kila mahali. Mtu wa Dar hawezi kuacha kazi zake aje kuona gofu. Vilima, anavyo kwenye kalenda. Nipe kitu ambacho akikiona tu, anaita mwenzake aje aone."

Siku ya pili nilimpeleka Nambambo kwa Mama. Hilo nililipanga mwenyewe. Nilifikiri kwamba siku moja wageni wataweza kufikia nyumbani kwake, wale chakula, waone anavyobangua korosho, wamwachie chochote. Nilijiona ninamlipa fadhila.

Mama alikuwa amejiandaa tangu juzi yake. Ua ulifagiwa mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Jogoo alichinjwa, wali wa nazi ukapikwa, mkeka mpya ukatandikwa barazani kwake. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, aliyoijenga kwa korosho na ufuta, chumba kwa chumba. Alivaa kitenge kipya na mtandio mweupe. Alitunawisha yeye mwenyewe.

Kijana akalitazama sinia, akanigeukia na kuninong'oneza kwa sauti ambayo Mama aliisikia. "Kuku na wali, sista? Hivi navila Kinondoni kila Jumapili. Mimi nimesikia habari za panya."

Nilielewa palepale. Nilipaswa kumjibu palepale pia. Badala yake nikamwinamia Mama nikamweleza kwamba mgeni angependa kuona chakula cha asili.

"Chakula si hiki?" akasema Mama.

"Anataka kile kingine, Mama. Samaki nchanga."

Akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno la Kiswahili, kumbe alikuwa nalo. "Mwanangu, kile hapewi mgeni. Kile chetu."

"Ni kwa ajili ya wilaya, Mama. Watu wakisoma, watakuja. Utapata wageni."

"Wageni wa kuja kula hicho?"

"Wageni tu, Mama."

Nilimsihi. Sikumlazimisha, lakini yeye na mimi tulijua kwamba alikuwa hajawahi kunikatalia jambo. Akainuka, akaenda kwa jirani, akarudi na wanne waliokaushwa kwenye kijiti. Akaanza kuwasha moto. Yule kijana akasema hapana, si hapa. Alikuwa ameona jiko la zamani la jirani, kibanda cha nyasi, limeinama upande na liko karibu kuanguka. Akataka Mama akae pale mlangoni.

"Pale si kwangu," Mama akasema.

"Ni picha tu, Mama," nikamwambia mimi.

Akakaa. Kijana akamwomba atoe mtandio ili aonekane wa asili zaidi. Mama akasema "Hapana," neno moja, na hakulirudia. Akaombwa basi ashike panya mmoja kwa mkia, amwinue karibu na uso. Akanitazama. Mimi nikatazama kamera. Akamwinua.

Chakula kilipoiva, kijana aliweka kipande mdomoni, akanipa kamera nimpige, nikampiga. Kisha akageuka nyuma ya jiko akatema, akasukutua kwa maji ya chupa. Baada ya hapo alirudi mkekani akala yule jogoo mpaka mifupa, akamshukuru Mama kwa mapishi matamu. Mama akamfungia korosho za kubangua za kupeleka kwao.

Wiki mbili baadaye mkuu wangu alinipigia simu niende steshenari haraka. Kichwa cha habari kiliandikwa kwa herufi kubwa tupu: NIMEKULA PANYA NA BIBI WA NACHINGWEA. Picha ya kwanza ilikuwa ya Mama, mlangoni mwa jiko lililoinama, panya mkononi, macho yanaangalia pembeni. Mimi nilijua yanamwangalia nani. Chini yake aliandika kwamba bibi huyu anaishi kwenye kijumba hicho, kwamba huo ndio mlo wake wa kila siku, kwamba alipooneshwa kamera aliogopa akidhani itamnyonya roho. Aliandika kwamba mwandishi, kwa ujasiri, alikula nusu sahani. Kiwanja cha ndege hakikutajwa, wala vilima. Wala jogoo. Jina la Mama alilitaja, kwa sababu nilikuwa nimemwandikia kwenye karatasi asije akalikosea.

Maoni yalikuwa mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye blogu ile. Sitayaandika. Mtu yeyote aliyekulia nchi hii anajua watu wa Kusini wanavyotaniwa, na anaweza kuyatunga mwenyewe bila kukosea sana.

"Umeona!" mkuu wangu alikuwa nyuma yangu, uso umekunjuka. "Nchi nzima inajadili wilaya yetu."

"Lakini mzee, ameandika uongo. Yule mama ana nyumba ya bati. Na huyu kijana hakula, alitema, nilikuwepo."

"Hayo madogo. Biashara inaanza kwa watu kukujua. Umefanya kazi nzuri, Mwalimu."

Nilitoka pale nikajipa moyo kwamba Nambambo hakuna mtandao. Huo ndio ulikuwa ulinzi wote niliomwekea Mama: kwamba hatajua.

Mjukuu wake, yule aliyekuwa akija msimu wa mabibo, alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni mkoa mwingine. Msichana mwenye akili, kila nikienda Nambambo Mama alinitolea ripoti zake nimsomee, na kila mara nilisoma kwa sauti na majirani wakiwapo. Shuleni alitumia jina la ukoo wa bibi yake, nalo si la kawaida. Mtu mmoja pale shuleni aliona ile blogu, akauchapa ukurasa, ukapita mikononi mwa wanafunzi bwenini. Binti alibandikwa jina. Alikuta mkia wa kamba umefungwa kwenye kitanda chake. Alivumilia muhula mmoja, akarudi nyumbani likizo na ile karatasi imekunjwa ndani ya daftari, akamwambia bibi yake kwamba harudi tena.

Haya yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Jumapili moja asubuhi Mama alikuja kwangu mjini kwa bodaboda, yeye ambaye alikuwa anaziogopa pikipiki. Hakutaka chai. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi.

"Nisomee," akasema.

Niliijua kabla sijaikunjua. Mume wangu alikuwepo, akatoka nje. Nikaanza kusoma. Nilisoma kichwa cha habari nikakibadilisha, nikasema "Safari ya Nachingwea". Nilisoma sehemu ya barabara. Pale paliposema kijumba nikaruka. Pale paliposema mlo wa kila siku nikaruka, nikasema ameandika kwamba bibi ni mkarimu na anapika vizuri. Nilifika mwisho kwa haraka sana. Karatasi ilikuwa imejaa maandishi, nami nilikuwa nimesema sentensi nane au tisa.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua karatasi yake, akaikunja.

"Mjukuu wangu amenisomea yote," akasema. "Mara tatu. Nilitaka kujua wewe utaruka wapi."

Nilianza kulia. Hakunikataza wala hakunibembeleza. Akangoja.

"Mama, sikujua ataandika hivi."

"Ulijua anatafuta nini. Alisema mbele yangu, na wewe ukanitafsiria, kama vile mimi sikusikia."

Nikajifuta macho kwa kiganja.

"Wewe uliniletea panzi," akaendelea, sauti yake ndogo ile ile. "Ningekucheka, ungejisikiaje? Sikukucheka. Nilikula." Akasimama, akafunga karatasi kwenye fundo la khanga. "Mtoto hasomi sasa, Mwalimu. Hilo ndilo nimekuja kukwambia."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniita Mwalimu. Alitoka, akapanda nyuma ya yule wa bodaboda aliyekuwa akimngoja, akashika shati lake kwa mikono miwili, wakaondoka.

Kesho yake nilimwandikia yule kijana. Nilimweleza habari za binti, nikamwomba aondoe picha na jina, au walau aseme ukweli kuhusu nyumba. Alijibu haraka kama kawaida yake. "Sista pole kwa dogo, shuleni utani ni kawaida, atazoea. Lakini hiyo ndiyo posti yangu iliyosomwa kuliko zote. Nyinyi ndio mliniita niwatangaze, nimewatangaza. Mnapaswa kunishukuru." Nilimwandikia mara nyingine tatu. Hakujibu. Wakati huo picha ilikuwa imeshachukuliwa na blogu nyingine, huko wakaongeza maneno yao, na mahali pengine Mama aliitwa mchawi.

Nilikwenda Nanganga kwa yule mwalimu. Nilimkuta anasahihisha madaftari chini ya upenu wa darasa. Nilimweleza yote bila kuruka, kwa mara ya kwanza. Nilitegemea kwamba atanikumbusha kicheko changu. Hakunikumbusha, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alikwenda Nambambo kwa baiskeli yake, akakaa na Mama nusu siku, akamwuliza kwanza kama anataka aandikwe tena. Mama alikubali kwa sharti kwamba jina lisiwepo na picha isiwepo.

Aliandika jambo zuri. Mimi niliyewahi kusoma aya mbili tu za kazi yake nilikaa pale steshenari nikasoma yote, kisha nikaanza upya. Aliandika habari ya nyumba iliyojengwa chumba kwa chumba, ya jogoo, ya mwandishi aliyetema. Aliandika kwamba kila kabila lina chakula chake ambacho halimpi mgeni, si kwa aibu, bali kwa sababu mgeni hawezi kukijua kilivyoingia katika nyumba ile, miaka gani ya njaa kilimlea nani. Hakutukana mtu. Chini yake yalikuja maoni manne. La nne liliandikwa na mtu asiyejitaja: "Acha wivu mzee. Nawe kapige picha na panya usomwe."

Na watalii? Walikuja. Hilo ndilo ninalolichukia kulisimulia. Mwaka uliofuata, kiangazi, gari mbili za vijana kutoka Dar ziliingia Nambambo zikiuliza kwa bibi wa panya. Waliendesha polepole wakicheka madirishani, wakauliza watu njiani, na mtu mmoja akawaonesha. Mama alikuwa uani anaanika ufuta. Aliyaona magari, akaingia ndani, akafunga mlango. Walipiga hodi. Walipiga picha za mlango. Mmoja alilalamika kwamba hii nyumba ni ya bati, siyo ile ya kwenye mtandao, wakalitafuta lile jiko la jirani, wakakuta limeshaanguka. Nayajua haya kwa sababu jirani alinihadithia, akiniangalia usoni wakati wote.

Mkuu wangu aliyaandika kwenye taarifa: wageni wa ndani wameanza kuwasili Nambambo kutokana na juhudi za matangazo ya mtandaoni. Mimi niliichapa taarifa hiyo. Nilipewa barua ya pongezi yenye muhuri wa idara, nikaiweka kwenye droo ya chini, na mara moja moja nikiifungua droo kutafuta kitu kingine naiona.

Nimejiuliza mara nyingi nilikosea wapi kwenye kuchagua, maana nilifanya bidii. Nilipima kila mmoja. Niliuliza ni wangapi wanamsikiliza, na ni mara ngapi anasema, na anasema upesi kiasi gani. Sikumwuliza hata mmoja wao anawapenda watu anaowaandika au hawapendi. Kwenye kaunta buku hapakuwa na safu ya hilo. Nani angeijaza? Mtu wa pekee aliyekuwa na jibu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na karatasi mkononi, na mimi nilikuwa nahesabu.

Binti hakurudi bweni. Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima, kisha akaingia sekondari ya kata, akamaliza kidato cha nne kwa daraja ambalo halikumfikisha mahali. Akaolewa Ruangwa karibu na mama yake. Sisemi kwamba ndiyo mwisho wa maisha. Nasema tu kwamba nilizisoma ripoti zake tangu darasa la tatu, na najua alikuwa anakwenda wapi.

Nilipopata uhamisho wa kurudi kanda ya kwetu, nilikwenda Nambambo kuaga. Mama alikuwa barazani anabangua korosho, vidole vyake vimeingia weusi wa maganda. Alinikaribisha, nikakaa. Tuliongea habari za mvua, ambayo ilichelewa, na bei, ambayo ilikuwa mbaya. Nilijaribu mara mbili kuanza yale mengine, na mara zote mbili aliniuliza habari za watoto wangu. Niliposimama alijifuta mikono, akanipa mkono wa kulia, akasema, "Safari njema, Mwalimu." Hakuniuliza nimehamishiwa wapi. Nilipofika barabarani nikageuka. Alikuwa amekwisha kaa, ameinamia kazi yake.